Mgema Aliyenyamaza

Ukelele wa kwanza ulimkuta Akata amechutama jikoni, anakoroga tembo tamu la mnazi lililokuwa linakaribia kuwa asali. Hakunyanyuka. Tembo likifika hapo halitaki kuachwa. Ukigeuka kidogo tu limeungua, na kazi ya siku nzima imepotea. Ukelele wa pili ulimfanya ainue kichwa. Wa tatu ulikuja na maneno.

"Mwanamume! Mwanamume juu ya mnazi! Ananichungulia! Beia! Beia wee, njoo na panga!"

Alikuwa Katirina, jirani yake, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa, ambaye hata akinong'ona watu hugeuka. Akata aliacha mwiko ndani ya sufuria akatoka mbio.

Kisima kilikuwa katikati ya nyumba hizo mbili, na pembeni yake bafu la makuti lisilo na paa. Katirina alikuwa amesimama mlangoni, kajifunga nguo kifuani, povu la sabuni bado masikioni. Kidole chake kilikuwa kimeelekezwa juu. Akata alikifuata kidole kile. Juu ya mnazi, kisu mkononi na chupa ya tembo ikining'inia kiunoni, alikuwa mume wake, Tebano. Kimya kama jongoo.

Huku kisiwani Nonouti mgema hapandi mnazi kimya. Akishika shina anaanza kuimba, na haachi mpaka nyayo ziguse mchanga. Anaisifu minazi yake, anawasuta wavivu, anamsifia mkewe mpaka mkewe aone haya kwenda kisimani. Mwanamke anayeoga chini akisikia, anavuta nguo yake, anangoja. Mgema anashuka, maisha yanaendelea. Hakuna aliyefundishwa hayo shuleni. Mgema anayepanda kimya ama ni mwizi wa tembo la wenzake, ama ni mchunguliaji. Hakuna wa tatu.

Na Tebano, mwenye sauti kuliko wagema wote wa kijiji, alikuwa na siku mbili hajaimba.

Beia, mumewe Katirina, alitokea na kasia la ngalawa, maana panga hakuliona. Nyuma yake walikuja watu, kama watu wanavyokuja.

"Shuka!" alifoka Beia.

"Nashuka."

"Shuka haraka!"

"Nikishuka haraka nitavunjika, ndugu yangu, na wewe utakosa mtu wa kumpiga."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Tebano alishuka polepole, akaiweka chupa yake chini, akasimama mbele ya lile kasia.

"Ulikuwa unafanya nini juu?"

"Nagema."

"Kimya kimya?"

Tebano alimtazama mkewe. Akata aliangalia chini. Pale pale miguuni pake palikuwa na kifuu cha nazi, akakitazama kama ambaye hajapata kuona kifuu.

"Kimya," alisema Tebano.

"Na mke wangu umemwona?"

"Nimemwona. Nina macho."

Beia alilipiga kasia chini, likapasuka ncha. Lingefuata bega la Tebano kama si mzee Teaotai kuingia katikati, mzee aliyekuwa msemaji wa maneaba, lile jengo kuu ambamo kijiji kizima hukaa kuamua mambo yake.

"Basi," alisema. "Jumapili, baada ya Misa, tutakaa. Mpaka hapo, Tebano, hupandi mnazi wowote ulio ndani ya kijiji. Na ikionekana ulichungulia, hutapanda tena mpaka unakufa."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Minazi yote ya Tebano, kumi na mmoja, ilikuwa ndani ya kijiji. Karara la mnazi, panapotoka tembo, lisipochongwa asubuhi na jioni huziba, na likiziba ni kuanza upya kwa majuma. Mama yake Tebano, bibi asiye na meno, aliishi kwa tembo tamu. Binti yao Ruta alikuwa shule ya bweni katika kisiwa kikuu cha Tarawa, akilipiwa kwa asali ya tembo. Na juu ya yote palikuwa na jina: mchunguliaji huku haitwi tena kwa jina lake.

Akata aliporudi jikoni, asali ilikuwa imeungua mpaka sufuria imeshika rangi ya makaa.

*

"Kwa nini hukusema?" Akata alimuuliza mumewe wakati wa kula. Ilikuwa bado mwanga. Mbele ya Akata palikuwa na kipande kimoja cha samaki na maji ya kunywa. Wengine walikuwa na wali na magimbi.

"Niseme nini, Mama Ruta?"

"Kwamba ni Kwaresima. Kwamba umejinyima kuimba."

"Wewe uliniambia nini Jumatano, na majivu yako usoni? Uliniambia, 'Mkono wa kushoto usijue. Ukitaja, thawabu imekwisha.' Uliniapisha mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu. Mimi nimeapa. Sikuapa kwamba nitanyamaza mpaka nitakaponyooshewa kasia, kisha niseme."

"Lakini hili..."

"Nadhiri si yangu. Ni yako. Mimi nimekuazima mdomo tu. Ukitaka kuutoa kifungoni, utoe wewe."

Bibi Tiroi, mama yake Tebano, aliyekuwa amejiegemeza kwenye nguzo anavuta tumbaku iliyosokotwa kwa jani la mkadi, alicheka mpaka akakohoa.

"Mkwe wangu huyu," alisema, "alianza na tumbaku yake. Nikasema sawa. Ikaja sukari. Sawa. Ikaja bingo, kikaja kitanda, maana ukuta huu ni wa makuti na mimi si kiziwi. Vyake vilipokwisha, akaanza vya mumewe. Mwakani atanyimwa nani? Mimi? Mnanisubiri nikate pumzi ili iwe sadaka?"

"Mama, usifanye mzaha na mambo ya Mungu."

"Sifanyi mzaha na Mungu, mwanangu. Nafanya na wewe."

Akata angewajibu vipi watu ambao hawakuwapo kwenye kikao cha akina mama? Padre alikuwa amesoma sheria ya Kwaresima kama kila mwaka: Ijumaa hakuna nyama. Akina mama wakatazamana. Nyama yenyewe wanaiona lini? Nguruwe huchinjwa kwa harusi na kwa maiti. Kwa watu wanaokula samaki toka Jumatatu hadi Jumatatu, kila siku ni Ijumaa. Ndipo Akata, mwenyekiti wao, aliposimama akasema kila mama atafute kitu kitakachomuuma kweli, na yeye mwenyewe atatangulia kwa mfano. Tena hakuishia hapo. Alimgeukia Katirina, aliyekuwa na sigara ya jani nyuma ya sikio, siku ya majivu, mbele ya watu wote.

"Wengine," alisema Akata, "wanakuja kupakwa majivu na majivu mengine wanayatoa puani."

Walicheka wote. Katirina naye alicheka, maana ndivyo alivyo. Lakini aliitoa ile sigara sikioni, akaifunga katika ncha ya nguo, na hakusema tena mpaka kikao kikaisha.

Jioni ile ndipo Akata alipomsikia mumewe juu ya mnazi anaimba ule wimbo wake wa mapaja ya mke wangu, na vijana njiani wanaitikia. Akaona: hiki ndicho kitakachouma.

Hakujiuliza kitamuuma nani.

*

Jumamosi asubuhi alimkuta Padre Etuare ndani ya shimo la magimbi nyuma ya nyumba ya misheni, matope mpaka magotini, kaptula imekunjwa. Padre alikuwa mtoto wa kisiwa cha pili, mfupi, mwenye tumbo, na kila mwaka ndiye aliyeongoza kucheza siku ya somo wa parokia. Akata hakuwa na hakika kama alilipenda jambo hilo.

"Mama Ruta! Nishikie hili," alisema, akampa gimbi kubwa kama kichwa cha mtoto. "Umekonda."

"Nafunga, Padre."

"Naona. Hata Jumapili iliyopita ulikuwa unafunga."

Akata aliona haya. Alikuwa anafunga hata kabla ya Kwaresima, kupata mazoezi.

Alimweleza yote akiwa amesimama ukingoni mwa shimo, gimbi mikononi, matope yakimchuruzikia kwenye nguo safi. Padre aliendelea kuchimba. Aliposikia habari ya kasia aliacha.

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Uniambie kama ni dhambi kuivunja."

"Kuvunja nadhiri ya Tebano?"

"Ndiyo."

"Tebano aliiweka lini?"

Akata alilifuta gimbi tope kwa kiganja.

"Alikubali," alisema mwishowe.

"Mtu akikubali yaishe, hiyo ni nadhiri? Mimi nilipokuwa seminari, mwaka mmoja nilijinyima usingizi. Naamka saa tisa usiku, nasali kwa sauti ili nisisinzie. Tulikuwa kumi na wawili katika chumba kimoja. Kwaresima ile mimi ndiye niliyekuwa mtakatifu, na wenzangu ndio waliokuwa na macho mekundu." Alijifuta jasho, akabaki na mstari wa matope kwenye paji la uso. "Sikwambii usijinyime. Mtu asiyejua kujikatalia kitu ni kama mtumbwi usio na ubao wa pembeni, upepo wa kwanza tu umepinduka. Lakini unafunga tumbo lako, mama. La jirani hulifungi, unalinyang'anya."

"Wimbo wenyewe ulikuwa wa matusi, Padre."

"Ule wa mapaja?"

"Unaujua?"

"Mama, unasikika mpaka altareni." Alisema bila kucheka. "Ni mapaja ya nani yale?"

"Yangu."

"Ya mke aliyefungishwa naye ndoa pale kanisani."

Akata alilihamisha lile gimbi toka mkono huu kwenda mkono ule. Lilikuwa zito.

"Kwa hiyo utawaambia wazee kesho," alisema. "Wewe ukisema, yatakwisha."

"Mimi sitasema. Wanawake hawasemi ndani ya maneaba, najua. Na najua Katirina atakuwapo. Hayo ndiyo uliyokuja nayo, na habari ya dhambi umeitanguliza tu." Aliinama tena kwenye matope. "Hilo gimbi peleka kwa bibi. Mwambie alile lote leo, mbele yako."

*

Maneaba ya huku paa lake hushuka karibu na ardhi, ili kila anayeingia ainame, hata awe nani. Wanaume walikaa mahali pa koo zao, miguu imekunjwa juu ya mikeka. Wake zao nyuma yao. Tebano alikaa mbele ya Akata. Mgongo wake ulikuwa na jasho. Kwa siku mbili hajapanda, na alikuwa hajui aiweke wapi mikono.

Beia alisema, akaonyesha kasia lililopasuka kana kwamba nalo lilikuwa shahidi. Katirina aliulizwa kupitia kwa mumewe, akajibu kupitia kwa mumewe: ndiyo, alikuwa anaoga, ndiyo, hakusikia wimbo, ndiyo, aliinua macho akamwona.

"Tebano," alisema mzee Teaotai. "Ulikuwa unaumwa koo?"

"Hapana, mzee."

"Umefiwa?"

"Hapana."

"Sasa mtu mzima, mwenye sauti inayoamsha kuku, anapanda juu ya bafu la mke wa mwenzake amenyamaza. Tusemeje sisi?"

Tebano aliiweka mikono magotini, akaiangalia. Akata aliona sikio la mumewe limekuwa jekundu. Aliwaona vijana wa ukoo wa Beia wananong'onezana, mmoja akifanya mikono kama darubini. Kesho mkono ule ungekuwa salamu ya Tebano njiani. Na Ruta angeikuta akirudi likizo.

Katirina alikuwa upande wa pili, nyuma ya Beia. Alikuwa anamtazama Akata moja kwa moja, uso hauna kicheko.

"Ni mimi," alisema Akata.

Sauti ilitoka ndogo. Wazee waligeuza vichwa kutafuta.

"Nani anaongea nyuma yako, Tebano?"

"Mke wangu."

"Anataka nini?"

"Mwulizeni mwenyewe, mzee. Mimi nimefungwa mdomo."

Vicheko vikatoka pembeni. Teaotai aliinua mkono. Alimtazama Akata kwa muda, kama mtu anayeona mtumbwi usiku na hajui ni wa nani. "Haya," alisema. "Leo tu. Sema."

Akata alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri, maneno mazuri, yenye Kwaresima ndani yake na mapenzi ya Mungu. Yote yalimkimbia.

"Nilimkataza kuimba. Jumatano. Nilimwapisha asiimbe mpaka Pasaka na asimwambie mtu. Nilisema ni sadaka yetu. Haikuwa yetu. Ilikuwa yangu. Nilitaka Pasaka ikifika niseme moyoni mwangu kwamba hakuna mama aliyetoa kama mimi. Vyangu viliniishia. Nikachukua chake. Hakumchungulia mtu. Mnajua kwamba hawezi, hata mimi mwenyewe nikioga anaimba."

Kwanza hakuna aliyecheka. Kisha Bibi Tiroi, kutoka nguzoni, akasema, "Ni kweli, na mimi nashindwa kulala," na maneaba nzima ikaanguka. Walicheka wazee, walicheka akina mama wa chama chake, walicheka mpaka machozi. Na kila kicheko Akata alikisikia kikimgusa mwilini kama mchanga unaorushwa. Alibaki ameketi wima. Tebano hakugeuka, lakini aliurudisha mkono wake nyuma, akauweka juu ya mkeka karibu na goti la mkewe.

Wazee walinong'ona kidogo. Kisha Teaotai akatamka.

"Tebano hana kosa. Apande leo hii, na aimbe. Hiyo si ya kanisa wala ya mkewe, ni ya kijiji, ni kwa ajili ya wake zetu na mabinti zetu. Kosa ni la mama huyu. Alifunga mdomo uliowekwa kuwalinda wengine. Atapika kwa mikono yake, atampelekea Katirina, na watakula wote sahani moja. Leo."

"Leo nafunga, mzee," alisema Akata kabla hajajizuia.

"Leo ni Jumapili, hakuna kufunga," alisema Padre Etuare kutoka mlangoni alikokuwa amekaa miongoni mwa wageni.

*

Alipika samaki wa kuchoma aliyepakwa asali ya tembo, asali ya mwisho iliyobaki ndani ya nyumba, na wali wa tui. Alipika vizuri. Alitaka kupika vibaya, ila mikono haikukubali.

Akata alimkuta Katirina peke yake. Beia alikuwa ameshuka baharini. Katirina alitandika mkeka, akaiweka sahani katikati yao.

"Karibu, mwenyekiti."

"Asante."

"Kula basi. Wazee wamesema sahani moja. Mimi nikila peke yangu utakuwa umevunja hukumu."

Akata alimega. Lilikuwa tonge la kwanza lenye tui na asali tangu wiki nyingi. Utamu ulimpanda mpaka nyuma ya masikio, akafumba macho bila kutaka. Alipoyafumbua, Katirina alikuwa ameacha kula.

"Nilijua," alisema Katirina.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni wewe. Mumeo haimbi siku ya Alhamisi, siku ya Ijumaa haimbi, na wewe unapita na majivu kama bendera. Nani asingejua? Nikiwa naoga nikainua macho nikamwona. Alikuwa ameshaugeuza uso, anatazama baharini, shingo imekaza kama ya bata. Ukelele wa kwanza nilishtuka, sikudanganyi. Wa pili na wa tatu nilipiga kwa ajili yako."

Akata aliweka tonge chini.

"Kwa ajili ya sigara," alisema.

"Kwa ajili ya majivu ya puani." Katirina alijaribu kucheka, kikakataa. "Nilifikiri utatoka pale pale useme. Nilitaka useme mbele ya watu, basi. Sikujua kwamba Beia atavunja kasia. Sikujua kwamba wazee wataingia. Siku mbili hizi sijalala, Akata. Leo pale ndani nilikuwa nakutazama nasema, asiposema huyu nitasema mimi, na nikisema, Beia... unamjua Beia." Alifuta mikono kwenye nguo. "Haya. Umeshajua. Kawaambie. Ni haki yako."

Akata aliona yote kwa mara moja. Maneaba imejaa tena. Katirina nyuma ya mumewe, kichwa chini. Akina mama wakimgeukia yeye, mwenyekiti, na macho ya kusema kumbe. Vicheko vikihamia upande wa pili, vyote, hata cha bibi. Alihisi maneno yenyewe yakikusanyika chini ya ulimi, mazito, matamu kuliko kile alichokuwa ametoka kumeza; na alijua kwamba tumbaku, sukari, bingo, na kitanda, vyote pamoja, havikuwahi kumvuta hivi.

Nje, jua lilikuwa limeshuka kiasi cha wagema kupanda.

"Kula," alimwambia Katirina. "Samaki anapoa."

Walikula mpaka sahani ikaonekana. Hawakuongea sana. Katirina alisema wali umeiva. Akata alisema mchele ni ule uliokuja na meli ya mwisho. Walipomaliza, Katirina alifungua ncha ya nguo yake, akasokota sigara, akamtazama. Akata alitikisa kichwa: hiyo alikuwa bado amejinyima. Lakini alimwashia kwa kijinga cha moto kutoka jikoni, akakishika mpaka ikawaka sawasawa.

Nyumbani Tebano alikuwa anamimina tembo bichi kwenye kikombe cha mama yake. Minazi miwili ilikuwa imeziba. Tisa ilikuwa hai.

"Enhe," alisema. "Katirina kasemaje?"

Akata aliiosha sahani taratibu, mbele na nyuma, akaifunika juu ya kichanja.

"Kasema samaki alikuwa mtamu," alijibu.